Mama Aliyebaki Makedonia

Manzi mwanangu,

Umetoka kwenda mtaa wa Gitega hapa Kigali kunyoa nywele na kumuaga rafiki yako Eric, na nawajua nyinyi wawili, mtaagana mlangoni mpaka mama yake awafukuze. Kwa hiyo nina nafasi. Nimebandika maharage, nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi mbele yangu, na mafundi wa nyumba ya jirani wanagonga mabati kana kwamba wamelipwa kunivuruga akili. Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa ndani wa koti jipya. Usiisomee uwanja wa ndege. Nakujua, utaanza kupepesa macho halafu utamwambia mtu wa uhamiaji kuwa ni vumbi.

Kesho unakwenda Ugiriki, tena upande ule wa Makedonia, kusoma habari za Wagiriki waliomfuata mfalme wao mpaka ndani kabisa ya Asia na wengi wao hawakurudi. Jana tulipokuwa tunakula uliweka kijiko chini ukaniuliza: "Mama, nikimaliza masomo, wakinipa kazi kule, nibaki?" Na mimi, mwalimu wa historia, mwanamke asiyekosa jibu hata kwenye kikao cha wazazi wenye hasira, nikakujibu: "Zile sweta umeshazikunja?"

Ukanitazama. Ukasema ndiyo, umeshazikunja. Ukachukua sahani zote mbili ukaenda kuziosha, na hukuuliza tena. Nilibaki pale mezani nachezea chumvi, nimejaa aibu. Swali lile linataka jibu kabla hujapanda ndege, na kwa mdomo siliwezi, nimejaribu tangu asubuhi. Nimekuja mlangoni kwako mara kadhaa, kila mara natoka na kitu kingine cha kusema: mara pasi, mara dawa ya meno. Ndiyo maana naandika.

Mambo ya pasi na dawa ya meno siyarudii. Kula utakula, kusali unajua, kuhusu wasichana sitii neno maana hata nikitia hutasikia. Nataka kukueleza mimi nilivyokosea, halafu nikujibu. Vumilia kidogo, unajua mwalimu hawezi kujibu bila kuanza nyuma.

Kosa la kwanza hili hapa: mimi ndiye niliyekutuma huko. Watu kanisani wananiambia, hongera, mtoto ana akili. Akili wapi! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nimekulea juu ya ramani, leo nashangaa nini? Hukumbuki vizuri kile chumba tulichopanga Kimironko, nyuma ya soko, baada ya baba yako kufariki. Mvua ikinyesha tulikuwa hatuna pa kwenda, na cha kuchezea hukuwa nacho zaidi ya vipande vya chaki nilivyorudi navyo mfukoni kutoka shuleni. Nikakuchorea dunia sakafuni. Makedonia ilikuwa mlangoni, Misri karibu na jiko, Uajemi wote chini ya kitanda, na India kule ukutani palipokuwa panavuja. Askari walikuwa maharage. Mfalme alikuwa kizibo cha Fanta. Ulikuwa unakisukuma kile kizibo kwa kidole, maharage yanafuata nyuma, unapiga kelele za vita mpaka jirani anagonga ukuta.

Jina la mfalme huyo sitaliandika hapa, na wewe unalijua. Kila alipopita alijenga mji akauita kwa jina lake, basi hatapungukiwa kitu nikimnyima mstari mmoja.

Siku moja ukasimamisha vita katikati. Ulikuwa bado hujaanza shule. Ukaniuliza, "Mama, mama yake huyu yuko wapi?" Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikakujibu bila kuinua kichwa, "Amebaki nyumbani. Haya, vusha jeshi mto." Ukachukua punje moja ya harage ukaiweka mlangoni peke yake, ukasema, huyu hapa. Asubuhi niliifagia pamoja na nyingine zote.

Manzi, nimefundisha safari ile miaka mingi kuliko umri wako. Najua kuichora ubaoni nikiwa nimefumba macho, ule mshale unaotoka Makedonia unapita Uajemi unakwenda mpaka mito ya India. Chini yake naandika: matokeo, kuenea kwa utamaduni wa Kigiriki mashariki. Wanafunzi wanaandika hivyo hivyo kwenye mtihani nami naweka alama ya vyema. Sikuwahi kujiuliza huo utamaduni ulienea kwa miguu ya nani, na hao wenye miguu walikuwa na hali gani usiku walipolala.

Wewe sasa unayajua kuliko mimi, lakini acha nikueleze ninavyoyaona mimi. Mfalme alipofika Baktria, huko kaskazini ya Afghanistani ya leo, aliwaacha nyuma askari waliozeeka, wenye majeraha, na wale wa kukodiwa waliokuwa na mdomo mrefu. Kaeni hapa, lindeni mji. Nani aliwauliza kama wanataka? Ukaja uvumi kwamba mfalme amekufa, kumbe ni jeraha tu, na tayari baadhi yao wakafunga mizigo warudi kwao. Alipokufa kweli kule Babeli wakanyanyuka maelfu, wameichoka ile nchi, wanataka bahari yao. Wakakutana njiani na jeshi la wakubwa wao wenyewe. Wakaweka silaha chini, wakachinjwa hivyo hivyo. Wachache waliosalia, na wengine walioletwa baadaye, ndio waliojenga ile miji ambayo wewe unakwenda kujifunza kuichimbua.

Na walijenga! Kando ya mto mkubwa, mwisho wa dunia yao, walikuwa na ukumbi wa maigizo, na uwanja wa vijana wa mazoezi na masomo, na nguzo za mawe zenye majani ya kuchonga juu yake. Kuta zenyewe za udongo, mapaa mengi ya udongo, hekalu limejengwa kwa namna ya wenyeji, lakini nguzo lazima ziwe za Kigiriki. Ulinisomea mwaka jana kwamba katika ghala la ikulu walikuta mitungi, na mmoja umeandikwa mafuta ya zeituni. Mzeituni hauoti kule. Mtu aliyabeba mafuta yale kupita jangwa na milima ili fulani apate ladha ya kwao. Ulishangaa kwa nini nilicheka mpaka nikatoka nje.

Nilicheka kwa sababu chini ya kitanda changu wakati huo kulikuwa na dagaa wa ziwani na kahawa ya kutafuna kutoka Bukoba, imefungwa kwenye majani ya mgomba, imeletwa na dereva wa lori aliyenihurumia.

Hapo ndipo penye hadithi yangu, na sijawahi kukupa yote. Unajua nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia kutoka huku. Kule shuleni niliitwa Mnyarwanda, na sikuwalaumu, ndivyo nilivyokuwa. Nilipokuja Kigali niliitwa Mtanzania. Siku ya kwanza darasani nilisema sentensi moja ya Kinyarwanda, nilichokuwa nimekisikia kijijini kwetu tu, na wanafunzi wa nyuma wakainamia chini ya madawati wanacheka. Kwenye chumba cha walimu wenzangu waliosomea Burundi wanaongea Kifaransa, waliotoka Uganda Kiingereza, kila kundi na meza yake. Mimi nilikuwa na Kiswahili na kikombe cha chai. Ulipozaliwa nikakuongelesha Kiswahili asubuhi na jioni. Majirani walisema, mtoto atachanganyikiwa. Nikasema ni kwa faida yake, atakuwa na lugha ya biashara. Uongo mtupu. Nilikuwa sina mtu wa kuongea naye, Manzi. Nilikuzaa nikapata mtu.

Hata leo hapa Kinyinya tulikohamia ni vilevile. Kila nyumba ina geti, kila geti lina mbwa, na jirani yangu tunapungiana mikono yeye akiwa ndani ya gari. Hao mafundi wanaogonga mabati, wawili ni wa kutoka Kongo. Wananiita Mama Tanzania. Kila siku nasimama nao na kuuliza habari za mchanga na saruji kana kwamba najenga ghorofa, kumbe nataka kusikia Kiswahili kidogo kabla sijaingia ndani. Wewe hili hukulijua kwa sababu ulikuwa ndani unanisubiri. Kuanzia kesho nitakuwa nasimama nao zaidi, wataanza kudhani nimerukwa na akili.

Sasa nikueleze kuhusu bibi yako. Hili ndilo kosa lenyewe, yale mengine yalikuwa mlango tu.

Wakati wa wakimbizi kurudi huku ulipofika, familia zote za Kinyarwanda pale kijijini kwetu zilifunga mizigo. Zote. Bibi yako akakataa. Alisema ameshahama mara moja maishani mwake, mzigo mgongoni na sufuria kichwani, na mara moja inatosha. Kaburi la babu yako liko pale, ng'ombe wake wako pale. Mimi nilikuwa msichana mwenye cheti cha ualimu na damu inachemka, nikataka kwenda kujenga nchi. Nikamuuliza jioni moja akiwa anakamua, "Mama, nikienda utakuwa sawa?" Hakugeuka. Akajibu kwa Kinyarwanda neno moja, "Ndaho." Yaani nipo, sina neno. Nikashukuru Mungu. Nikakimbia kwenda kufunga sanduku.

Siku ya kuondoka akanisindikiza. Wewe umekulia huku, unajua tunavyosindikiza: mgeni hatoki peke yake, unamtoa mpaka mahali, kwenye kona au kwenye mti, mnaagana, unarudi. Kwetu mahali penyewe palikuwa kwenye uzio wa minyaa. Tukafika kwenye minyaa, sikumsikia akisimama. Tukafika kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, bado yuko nami, hasemi kitu, amebeba mfuko wangu mdogo. Tukashuka mpaka kijito, akavua ndara akavuka na mimi. Kule ng'ambo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumsindikiza mgeni, hata askofu alipokuja tulimsindikiza mpaka kwenye birika tu. Mimi nilikuwa naogopa gari litaniacha. Nikamgeukia nikamwambia kwa ukali kidogo, "Mama, rudi sasa, unanichelewesha." Akanipa mfuko. Akarudi.

Mimi mwanamke wa ramani! Nawasomea watoto wa watu njia za majeshi yaliyokufa zamani, nikashindwa kusoma miguu ya mama yangu mzazi. Sisi watu wetu hatusemi, unajua. Machozi tunayamezea ndani, na anayemeza vizuri anasifiwa kuwa mtu mzima. Mama yangu hakuweza kuniambia usiende, basi akaniambia kwa kutembea, mpaka ng'ambo ya kijito. Nilichosikia mimi ni lile neno moja la kwenye kukamua. Nililishika kama hati ya ruhusa, nikaishi nalo miaka.

Nilimwandikia kupitia madereva. Yeye hakujua kuandika, alikuwa anamtuma mtoto wa jirani amwandikie: mimi mzima, ng'ombe wazima, msalimie mtoto. Nilikwenda kumwona mara chache, kila mara nina haraka, shule inafunguliwa. Kila mara akasema ndaho. Alipofariki nilifika kaburi limeshafunikwa.

Jirani yake, mwanamke wa Kihaya tuliyemwita Ma Koku, ndiye aliyenikalisha chini. Akaniuliza, "Hivi wewe ulijua mama yako alikuwa anaongea na ng'ombe?" Nikasema wafugaji wote wanaita ng'ombe wao. Akasema, "We mtoto, sikusema kuita. Nimesema kuongea." Akanieleza kwamba baada ya sisi wote kuondoka, pale kijijini hakubaki mtu hata mmoja wa kuongea naye Kinyarwanda. Kihaya chake kilikuwa cha sokoni, Kiswahili chake cha kuomba maji. Basi jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na yule ng'ombe mwekundu, Gaju, anampa habari za siku nzima kwa lugha yake, Ma Koku akiambulia maneno mawili matatu. Nani kaumwa, mvua imechelewaje, binti yangu yuko Kigali, amepata mtoto wa kiume, anaitwa Manzi. Kisha ananyamaza, kama anayengoja kujibiwa. Ma Koku alisema mwanzoni walicheka, baadaye wakaacha kucheka, wakawa wanapita mbali ili wasimkatize.

Nilipiga hesabu nikajua: saa zile zile za jioni, yeye anaongea na ng'ombe Kinyarwanda, mimi niko Kigali naongea na mtoto wa miezi mitatu Kiswahili. Nililia pale kwa Ma Koku mpaka nikatapika. Na bado nikajitetea. Nikamwambia, "Lakini nilimuuliza! Alisema hana neno!" Ma Koku akanitazama vile watu wazima wanavyotazama mtoto mjinga, akasema, "Na wewe ukaamini?"

Tangu hapo ndipo nilipoanza kumtafuta yule mama wa Makedonia, uliyeniuliza habari zake ukiwa mdogo. Nilisoma kila nilichopata, kwenye maktaba, baadaye kwenye simu yako ulipokuwa umelala. Mtoto wake aliondoka kijana mdogo kuliko wewe sasa, akavuka mlango wa bahari na jeshi, na hakukanyaga tena nyumbani. Hata maiti yake haikurudi, ilipelekwa Misri. Mama alikuwa mwanamke mkali, mpenda madaraka, wanasema, na mikono yake ilikuwa na damu. Sitaki kumpamba. Lakini alikuwa akimwandikia mtoto barua. Wanasimulia kwamba yule aliyeachiwa nchi ailinde alimlalamikia mfalme kwa waraka mrefu kwamba mama yako anaingilia kila kitu, na mfalme akasema mtu huyu hajui kwamba chozi moja la mama linafuta nyaraka zote za namna hii. Watu wanalipenda sana jambo hilo. Mimi linaniudhi. Kama chozi lake lilikuwa na thamani hiyo, mbona hakurudi kulifuta?

Na tunachosimuliwa cha barua za mama ni onyo na fitina: jihadhari na fulani, fulani anapata nguvu mno. Sijaona popote palipoandikwa kwamba alimwambia, rudi, nakutaka. Labda aliandika, na wanahistoria wakaona si jambo la kuhifadhi. Labda alikuwa malkia, akaona haya. Kwenye mto wa India askari wenyewe ndio waliosema. Walikataa kuvuka, na jemadari mmoja mtu mzima akasimama mbele ya mfalme akasema watu hawa wanataka kuwaona wazazi wao, kama bado wako hai. Mfalme akanuna ndani ya hema siku kadhaa, kisha akageuza. Namheshimu mzee yule kuliko mfalme wake. Alisema kilichokuwa tumboni mwa wote, mbele ya mtu ambaye angeweza kumuua.

Juzi nilikwenda kuchukua koti lako kwa Mama Fiston, yule fundi Mrundi wa sokoni Kimironko. Akalinyanyua akalipima kwa mkono.

"Mama Manzi, hii koti iko mzito! Mtoto inaenda wapi, ndani ya friji?"

"Anakwenda Ugiriki."

"Itarudi lini?"

Nikavaa sauti yangu ya mwalimu. "Mtoto hafungwi kamba, Mama Fiston. Ataamua mwenyewe."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Wewe iko unadanganya nani? Mimi ile yangu ilienda Kampala, nikaiambia, usiporudi Noeli nakuja kukuchukua na kiatu mkononi. Ikarudi. Ilirudi na mwanamke, sawa, lakini ikarudi."

Wauza vitambaa wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Yeye hakucheka, akaniuliza pole pole, "Wewe umeiambia kama unaitaka?"

"Anajua."

"Itajua namna gani? Hiyo kitu iko kwa tumbo yako, haiko kwa tumbo yake."

Nikamlipa nikaondoka haraka, nimeudhika, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga hotuba nzuri. Nenda mwanangu, dunia ni yako, usinifikirie mimi, nina wanafunzi wangu, nina kanisa. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo, Manzi. Hotuba ya kistaarabu kabisa. Mwanamke msomi wa kisasa hamzuii mtoto. Na kila nilipoisema nilimsikia mama yangu akisema ndaho huku mgongo umenigeukia.

Najua utakachosema. Utasema, Mama, huku si kunijibu, huku ni kunifunga. Inawezekana. Kuna akina mama wanaotumia machozi yao kama rungu, nimewaona, na watoto wao wanarudi nyumbani wakiwa wamekasirika maisha yao yote. Sitaki hivyo. Pia sitakudanganya kwamba waliobaki kule Baktria hawakupata kitu. Wajukuu zao walizaliwa pale, wakapapenda, hapo palikuwa kwao, bahari ya Ugiriki ilikuwa hadithi ya babu. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba karne nyingi baada ya Kigiriki kusahaulika, watu wa pale waliendelea kuandika lugha yao wenyewe kwa herufi za Kigiriki. Ni jambo zuri. Unaweza kuishi vizuri mbali. Mimi mwenyewe nimeishi vizuri hapa, nimepata kazi, nimepata baba yako, nimekupata wewe. Nikiulizwa leo kama ningebaki Karagwe, sijui. Kweli sijui. Labda ningekuja vilevile. Lakini ningekuja nikijua, ningemtembelea kama mtu anayejua, ningelala pale likizo nzima na kumwacha aongee mpaka achoke. Hilo ndilo nililonyimwa, na aliyeninyima alidhani ananipenda.

Maharage yameanza kunukia, nimetoka kuyaongeza maji. Nimerudi. Sina sababu nyingine ya kuchelewesha.

Uliuliza, nibaki? Hapana. Usibaki, Manzi. Soma, chimba unachochimba, kaa miaka inayotakiwa, kisha rudi nyumbani. Sikuombi kwa ajili ya nchi, nchi ina vijana wengi na wengine wana bidii kuliko wewe. Sikuombi kwa ajili ya uzee wangu, nikizeeka kuna mtu atanipa uji. Nakutaka wewe. Nataka kukusikia ukiingia na viatu vyenye matope huku unalalamika. Ukiondoka nitakuwa mpweke, sana, na sitazoea, na kila nitakapokuambia kwenye simu kwamba niko salama, jua kwamba ni adabu tu.

Sasa una jibu langu, na uamuzi bado ni wako. Ukibaki, nitalia, nitanyamaza, nitaomba viza nije nione hiyo bahari, na nitakuwa mama yako vilevile bila kupunguza hata kidogo. Unaweza kunikatalia. Lakini hutafika siku moja kwenye kaburi langu ukakalishwa chini na jirani akakueleza mimi nilikuwa nani. Mama yangu alinificha. Mimi nimekuambia.

Mama yako